Dosari ya enameli usianze kuitafuta kwenye tanuru

Kitu kinachonikera kwenye kazi ya kupaka chuma enameli ni hii tabia ya kila mtu kukimbilia tanuru. Kipande kikitoka na vidoti, tanuru. Kikivimba, tanuru. Nyeupe ikienda kwenye unjano, tanuru tena, ongeza moto, punguza moto, kimbiza cheni inayobeba vipande, ikifika jioni hamna hata mtu mmoja anayekumbuka asubuhi ilikuwa imesetiwa ngapi. Namuelewa sana fundi wa tanuru akinuna, maana yeye yuko mwisho wa mstari, kwa hiyo makosa yote kuanzia kwa aliyeviringisha shiti, aliyekunja, aliyechomelea, aliyeosha, aliyesaga na aliyepuliza yanatokea mbele ya macho yake. Na dosari nyingi nilizowahi kufukuzia hazikuanzia kwake.

Kwa ambao enameli wanaijua kwenye bakuli na birika tu, niseme kwa ufupi. Ni kioo. Kwatzi, feldispa, boraksi, soda na vingine vinayeyushwa pamoja, vinapoozwa ghafla kwa maji au kwenye rola za baridi, vinapasuka vipande vidogo, hiyo ndo friti. Friti inasagwa kwenye kinu cha mipira pamoja na udongo mweupe, maji na chumvi chumvi kidogo, unapata uji, unachovya au unapuliza kwenye chuma safi, unakausha, alafu unachoma nyuzi 800 na kitu kwa dakika chache. Koti la chini lina kobalti na nikeli ndani yake, hizo ndo zinasaidia kioo kishike chuma, ndo maana mara nyingi utaliona ni la rangi nyeusi nyeusi au bluu iliyoiva. Koti la juu ndo la urembo, nyeupe au rangi. Yote mawili kwa pamoja unene wake mara nyingi hauzidi robo ya milimita sana. Yani unategemea kioo chembamba hivyo kikae kwenye chuma maisha yote, na chuma chenyewe kinatanuka na kusinyaa kuliko hicho kioo.

Sasa mimi kabla sijagusa swichi yoyote nachukua kipande kibovu, lenzi ya kukuzia, nyundo ndogo na tochi. Basi. Dosari ukiitazama kwa juu zinafanana karibu zote, kidoti ni kidoti, tundu ni tundu. Unatakiwa uone chini yake. Napasua pale pale penye tatizo alafu naangalia chuma kilichobaki: kama kinang'aa cheupe kama kilivyotoka kuoshwa, maana yake kioo hakikushika kabisa, na hapo maswali yangu yanaenda kwenye kuosha, au friti yenyewe, au kweli moto haukutosha. Kama kimebaki na kioo cheusi kimeng'ang'ania chuma mpaka hata ukikwangua kwa bisibisi hakitoki, basi mshiko ni mzuri na shida iko kwingine. Afu naangalia ukuta wa ile sehemu iliyovunjika kwa pembeni. Koti la chini la kawaida lina viputo vidogo vidogo vimetawanyika ndani yake, hivyo ni vizuri, ndo vinaipa enameli kulegea kidogo. Ukiona viputo vikubwa vimejipanga chini kabisa, vimegusa chuma, hapo gesi inatoka kwenye chuma. Ukiona viputo viko juu tu, uchafu umeingia kwenye uji au kwenye kupuliza. Hii kazi ni ya dakika kumi na inaokoa wiki nzima ya kubishana.

Swali la pili naulizaga wapi na lini. Dosari iko upande gani wa kipande? Karibu na ndoano au chini kabisa? Inajirudia pale pale kwenye kila kipande au inatangatanga? Ilianza shifti gani? Mtu wa kwaliti akiniambia "rijekti zimepanda" bado hajaniambia kitu. Akiniambia zimepanda kwenye vipande vya upande wa kulia wa hanga, ile fremu ya kuning'inizia vipande, tangu walipobadilisha ngoma ya uji, kashanisaidia nusu ya kazi.

Nitoe mfano wa magamba, maana hii dosari ndo imenifundisha kuliko zote na ndo inayoumiza watu wengi.

Magamba ni pale kioo kinaruka chenyewe kipande chenye umbo la mwezi mwandamo, kama kucha iliyokatwa. Ubaya wake ni kwamba kinaweza kutoka tanuruni kizuri kabisa, kikapita ukaguzi, kikafungwa, alafu siku kadhaa baadae kikaanza kuruka kwenye stoo. Wakati mwingine wiki. Kulikuwa na kiwanda tulikuwa tunapaka maboksi ya ndani ya oveni za kupikia, pande zote mbili, na malalamiko yakaanzia kwa jamaa wa stoo. Akamwambia supavaiza, "Bosi, vile vyombo usiku vinalia." Watu wakacheka. Mi nilipoenda kukaa pale nikasikia mwenyewe, tik, kimya, alafu tik nyingine upande ule. Na chini kwenye plastiki ya kufungia kulikuwa na vipande vidogo vya kioo.

Mara moja maneno yakawa ni foklifti, vijana wa kupakia wanagonga. Sawa, kugonga kunamegua kioo, ila aliyegonga anagonga pembeni na kwenye kona, alama inakuwa na kitovu pale palipopigwa na nyufa zimeizunguka. Hizi zilikuwa zimetapakaa katikati ya ubao, sehemu ambayo foklifti haiwezi kufika, ndani ya boksi. Nikaweka lenzi. Umbo la kucha, ukingo mmoja umeingia chini taratibu na mwingine umekatika wima, na chini chuma kimeshikwa vizuri tu, cheusi. Kwa hiyo mshiko haukuwa shida. Kitu kilikuwa kimesukuma kutoka chini.

Hicho kitu ni haidrojeni. Wakati wa kuchoma, mvuke wa maji ukikutana na chuma cha moto, chuma kinachukua oksijeni na haidrojeni inabaki peke yake, ikiwa ndogo kiasi kwamba inapenya ndani ya chuma chenyewe. Chuma cha moto kinabeba haidrojeni nyingi, cha baridi hakiwezi. Kwa hiyo kipande kinapopoa haidrojeni inataka kutoka, na huku nje kioo kimeshaganda na kuziba pande zote mbili. Inajikusanya pale kati ya chuma na kioo, presha inapanda taratibu, mpaka kioo kinashindwa. Ndo maana kinachelewa. Na ndo maana kipande kilichopakwa upande mmoja kinapata nafuu, haidrojeni ina mlango wa nyuma.

Sasa mvuke unatoka wapi wakati kipande kimekaushwa? Hapa watu wengi wanakosea. Kukausha kwa nyuzi 100 au 120 kunaondoa maji uliyoyaweka wewe. Ule udongo mweupe ndani ya uji, kaolini, una maji yake yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, kama asilimia 14 hivi ya uzito wake, na hayatoki mpaka ufike karibu nyuzi 500. Yani yanatoka ndani ya tanuru, juu ya chuma. Ongeza unyevu wa hewa, msimu wa mvua tanuru linavuta hewa iliyolowa, na ukiwa na bana za gesi zinazovuja moshi wake ndani ya chumba cha kuchomea basi na moshi huo una mvuke. Ongeza asidi ya kuoshea, nayo inaingiza haidrojeni yake kwenye chuma kabla hata hujapuliza.

Lakini vyote hivyo vilikuwepo miezi yote na maboksi yalikuwa hayalii. Nikarudi kwenye lile swali la lini. Tukapanga vilivyoruka kwa namba za koili ya chuma, na vyote, vyote kabisa, vilitoka kwenye koili mpya. Ili tusibishane nikaomba vikatwe vibati vya sampo, vingine kutoka kwenye mabaki ya koili ya zamani na vingine kwenye mpya, vioshwe pamoja, vipulizwe uji mmoja, vipite tanuru pamoja kwenye hanga moja. Vilipotoka vyote vizuri. Tukaviingiza kwenye oveni ya maabara nyuzi 200 usiku kucha, maana joto la hivyo linaharakisha haidrojeni kujikusanya, halihitaji usubiri wiki. Asubuhi vya koili ya zamani vilikuwa safi, vya koili mpya vilikuwa vimejaa kucha.

Kwenda kuangalia cheti cha saplaya, kimeandikwa DC04. Cha zamani kiliandikwa DC04EK. Mtu wa manunuzi akasema, kwa upole kabisa, "Injinia, si chuma kile kile, hiki kina bei nafuu na watu wa presi wamekisifu." Na kweli watu wa presi walikisifu, kinavutika vizuri, hakipasuki kwenye kona. DC04 ya kawaida ni chuma cha kuvutwa kwenye presi, iko kwenye standadi ya Ulaya ya EN 10130. Zile herufi mbili za mwisho ndo zinaipeleka EN 10209, ya chuma cha enameli, ambapo mwenye kiwanda cha chuma anatakiwa ahakikishe kuna sehemu ndani ya chuma za haidrojeni kujificha. Ni vipengo vidogo mno ambavyo vinapatikana pale chuma kinapoviringishwa kikiwa baridi na chembe ngumu za kaboni au titaniamu zilizomo zinavunjika au kuachana na chuma kinachozizunguka. Haidrojeni inaingia humo, inatulia, haifiki kwenye kioo. Kwenye hiyo standadi kuna kipimo cha muda ambao haidrojeni inautumia kuvuka shiti, wanakiita TH, na kinatakiwa kisipungue 100. Kwa jicho huwezi kutofautisha hizo shiti mbili. Hata ukizikuna, hata ukizipiga nyundo.

Kilichonisikitisha kwenye ile kesi ni kwamba fundi wa tanuru alikuwa ameshashushiwa nyuzi mara kadhaa kabla sijafika, na nyeupe yake ilikuwa imeharibika kung'aa bila sababu yoyote.

Niongeze hapo kwamba chuma kizuri hakikupi ruhusa ya kujiachia. Nimewahi kuona magamba machache kwenye chuma cha enameli halali kabisa, wiki ya mvua kubwa, na uji ulikuwa umeongezwa udongo kupita kiasi kwa sababu mpulizaji alilalamika unateleza. Ukipunguza udongo na ukakauka vizuri kabla ya kuingia motoni, yanaisha. Kwa hiyo kwenye magamba usitafute sababu moja tu, tafuta ipi imebadilika.

Madoa mekundu ndo yanayofuata kwa usumbufu, yale vidoti vya rangi ya shaba au kahawia kwenye koti la chini, vimeinuka kidogo, ukivipasua unakuta vimejaa oksidi ya chuma. Pale koti la chini limeshiba chuma mpaka haliwezi kumeza tena. Kuna njia nyingi za kufika hapo. Koti jembamba mno, ile glasi ni kidogo na oksidi ni nyingi. Kutu iliyobaki baada ya kuosha. Moto mwingi au kukaa sana motoni. Ukiyaona sehemu zote kwa usawa, haya, moto unaweza kuwa na kesi ya kujibu. Lakini niliwahi kuyakuta yanapanga mstari upande wa chini tu wa paneli, kila paneli, urefu kama wa kiganja. Hapo hamna tanuru. Tulifuata paneli mpaka kwenye kuosha, tukakuta tangi la mwisho la kusuuza limejaa masizi ya chuma, na paneli zikitoka zinatiririka na kuning'inia zikisubiri zamu, maji yanakusanyika chini, yanakauka polepole, yanaacha kutu nyembamba ya rangi ya chai ambayo kwa taa za pale usingeiona. Nilipita na kitambaa cheupe kilicholowa, kikaja na rangi. Maji yakabadilishwa, wakaweka hewa ya moto ya kukausha haraka, madoa yakaondoka siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa tumegusa kuosha: kuna kipimo cha bure ambacho viwanda vingi hawafanyi. Kipande kikitoka kwenye kusuuza kiangalie maji yanavyokaa. Yakitanda yote kwa pamoja mpaka yanakauka, chuma ni safi. Yakijikusanya matone au yakiacha visiwa, kuna mafuta. Hamna haja ya mashine. Mafuta ya kuvutia kwenye presi yakikaa muda mrefu kwenye shiti yanakauka na kuwa magumu, sabuni ya moto inayoyatoa leo haitoyatoa baada ya mwezi. Kwa hiyo vipande vilivyokaa stoo vikisubiri oda ndo vinavyoleta shida, na watu wanashangaa, "mbona sabuni ni ile ile?" Alafu kuna wale wanaoandika namba kwenye chuma kwa makapeni ya wino mzito au chaki ya nta. Nimesoma namba ya oda kupitia enameli nyeupe, ilikuwa inasomeka vizuri kabisa, mtu alikuwa na mwandiko mzuri.

Malengelenge kwenye mstari wa kuchomelea. Hapa nitasema bila kuzunguka: mara nyingi ni mchomeleaji, au aliyemchagulia waya. Mshono wenye vitundu unahifadhi asidi na sabuni, ukifika motoni unavitapika, kioo kinavimba. Mshono wa kulaliana shiti juu ya shiti ndo mbaya zaidi, maji ya asidi yanaingia katikati na hayatoki hata usuuze mara ngapi, afu yanatoka tanuruni yakiwa mvuke na kutengeneza kamstari ka kutu na viputo pembezoni mwa ungio. Suluhisho lake si kuchoma taratibu. Ni kubadilisha ungio, liwe la kukutanisha kingo, au kama lazima kulaliana basi pachomelewe pafungwe kabisa. Na vile vidonge vya chuma vinavyorukia pembeni wakati wa kuchomelea vipigwe jiwe vyote, kila kidonge ni lengelenge linalosubiri.

Chuma kinachopigwa mchanga badala ya kuogeshwa asidi kina mambo yake. Mchanga wa chuma ukishazunguka mara nyingi unachukua mafuta na vumbi, unakuwa unapaka uchafu badala ya kuutoa. Nikiona malengelenge madogo yametapakaa kwenye matangi yaliyopigwa mchanga, nachukua gao la ule mchanga nautia kwenye glasi ya maji safi, natikisa. Mafuta yakielea juu, tumemaliza kikao.

Upande wa uji kuna dosari zinazoonekana kabla ya moto na bado watu wanazipeleka motoni. Uji ukishakauka juu ya kipande, kimulike tochi kwa ubavu. Ukiona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, usichome, hizo zitafunguka motoni, kioo kitajivuta na kujikusanya visiwa visiwa na chuma kitaonekana katikati. Inatokana na uji uliosagwa laini mno, au udongo mwingi, au koti nene, au kukaushwa kwa pupa mpaka juu panaganda kabla ya chini. Wengine wanadhani kusaga laini zaidi ni ubora. Hapana. Friti ya koti la chini inatakiwa kubaki na chenga kidogo kwenye chekeche, na hiyo kidogo ipimwe kila ngoma, maana mipira ya kinu inaisha, saa za kusaga zile zile za mwaka jana leo zinakupa kitu kingine.

Uji nao unazeeka. Kioo kilichosagwa kikikaa ndani ya maji kinaachia soda na boraksi polepole, ulaini wa uji unabadilika, unakuwa mwepesi wa kuteleza au unaganda kama mtindi, kutegemea. Joto la chumba nalo linachangia. Mpulizaji anahisi mkononi kabla ya kipimo chochote, na mi namsikiliza. Aliwahi kuniambia mama mmoja aliyepuliza enameli maisha yake yote kazini, "Mwanangu, leo uji umekufa, haurudi nyuma." Alimaanisha ukiugusa na kidole hauzibi ile alama. Tulipopima uzito wa lita ulikuwa sawasawa kabisa, ila chumvi ya kushikilia ilikuwa imesahaulika kwenye ngoma ile. Kipimo cha uzito peke yake hakikuambii uji utakaaje kwenye ukuta. Chukua kibati, chovya, acha kichuruzike, pima kilichobaki juu yake, hapo utajua.

Na nitraiti ya sodiamu, ile chumvi ya kuzuia kutu kwenye uji, ukiipunguza ili kubana matumizi utaona vidoti vya kutu vinatokea kwenye uji wakati unakauka, kabla ya moto. Ukiviona hivyo usihangaike na asidi.

Vitundu vya mviringo vyenye ukingo ulionyanyuka, kama vijishimo, hivyo naenda moja kwa moja kwenye hewa ya kompresa. Naelekeza bomba kwenye karatasi nyeupe bila uji kwa muda kidogo. Mafuta au maji yakitokea kwenye karatasi, ni hapo. Silikoni nayo ni balaa, dawa ya kupulizia kwenye presi, mafuta ya mikono ya mtu, vinasafiri hewani kuliko unavyodhani.

Kwenye koti la juu jeupe sitakaa sana. Weupe unatokana na titaniamu inayojitenga kuwa vichembe ndani ya kioo wakati wa kuchoma, vikiwa vidogo na vya aina moja unapata nyeupe yenye ubaridi wa bluu, ukizidisha moto vinakua na kubadilika umbo la ndani, nyeupe inaelekea krimu. Hapa ndo moto unahusika kweli na namuomba fundi wa tanuru msamaha kwa niaba ya wote. Lakini hata hapa angalia kwanza: kipande kizima kimeenda krimu au sehemu nyembamba ya shiti tu? Kama kibano kizito kimechomelewa nyuma, pale pembeni yake patachelewa kupata moto na sehemu nyembamba itakuwa imeshaiva zamani. Huwezi kuseti tanuru likawaridhisha wote wawili. Vidoti vyeusi kwenye nyeupe mara nyingi ni maganda ya oksidi yanayodondoka kwenye ndoano na cheni juu. Simama chini ya cheni na kipande cheupe kilicholowa alafu mtu apite na fimbo agonge hanga. Utaona mvua yake.

Mwisho ni kona, na hapa huwa nagombana na wachoraji. Kioo kikipoa juu ya chuma kinabanwa, kwa sababu chuma kinasinyaa zaidi, na kubanwa huko ni kuzuri, kioo kinavumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Tatizo ni kwenye kona iliyotokeza nje. Pale mbano unageuka kuwa nguvu ya kukinyanyua kioo kitoke. Kona ikiwa kali na koti likiwa nene, na kwenye kona uji unapenda kujikusanya, kioo kinameguka, hata bila mtu kukigusa. Mchoraji anataka kona kali kwa sababu inapendeza kwenye kompyuta. Mpe milimita 5 za mviringo au zaidi, ondoa ukali wa kingo zilizokatwa, matundu ya bolti yasiwe karibu na mkunjo, utaona rijekti za kumeguka zinashuka bila kubadilisha friti wala kitu kingine. Mara nyingi tumenunua friti mpya ya bei kubwa kutibu mchoro.

Kuhusu kurudia kuchoma: vidoti vyeusi na vijishimo vinarudiwa, unakwangua kwa jiwe, unapuliza kidogo, unachoma. Magamba usirudie, utaziba leo na litaruka jingine pembeni yake. Malengelenge ya mshono usirudie mpaka ukate uone kuna nini. Na kila mara kipande kinaporudi motoni, kingo zake zinaliwa, kioo kinakuwa chembamba pale pale ambapo tayari kilikuwa chembamba, madoa mekundu yanaanza kuchungulia. Mi nikiona kipande kinataka kuingia mara ya tatu nakiweka pembeni nikakipasue, kinanifaa zaidi kikiwa vipande chini ya lenzi.